Mustari wa Ng'ambo ya Muto

Nsimire mwanangu,

Maman yako ameshakupa maagizo yote ya safari na mimi sina la kuongeza. Nimemusikia tangu asubui: chandarua, chumvi, viatu vya mvua, sabuni isikae karibu na mukate, usinywe maji ya muto hata kama wenyeji wanayakunywa mbele yako na wanakucheka. Ukisahau hata kimoja atajua kutoka hapa Nguba, Bukavu, atakuja kwa miguu kukugombeza. Kwa hiyo mambo ya sanduku namuachia yeye. Mimi nina neno lingine, na nimelichelewesha mpaka jioni hii ya mwisho, kama ninavyochelewesha kila kitu isipokuwa kula.

Utanicheka kuona nimeandika na kalamu ya biki. Papa wa ordinatere, mutu wa kompyuta ambaye hata orodha ya vitu vya kununua sokoni anaipiga kwa klavie na kuichapisha, leo ameketi kwenye meza ya kula na karatasi zilizobaki katika makaye yako, daftari zako za shule ya wauguzi. Umeme umekatika, ni kweli, lakini hata ungekuwapo ningeandika hivihivi. Huko unakokwenda rezo ya simu ni ya kubahatisha, na karatasi haihitaji kuunganishwa na kitu ili isomeke. Unaifungua, maneno yako pale. Mvua inapiga mabati, na nasikia zipu ya sanduku lako inafungwa na kufunguliwa, inafungwa na kufunguliwa. Zipu hiyo haitafika uwanja wa ndege, nakuambia mapema.

Juzi mezani uliniambia neno ambalo halijanitoka. Nilikuwa nimerudia, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba Shabunda ni mbali, kwamba hata hapa mujini wanatafuta wauguzi, kwamba ndege za kule ni ndogo kama kopo la sardini. Ukaweka kijiko chini.

— Papa, ripoti zote za Shabunda unazijua. Lakini Shabunda yenyewe unaiogopa. Unaogopa nini?

Nikajibu kwamba naogopa tumbo langu; siku nitakapopanda ndege ile, rubani ataniambia nichague, niende mimi au liende tumbo. Maman yako alicheka. Wewe hukucheka.

— Njo vile kila siku, ukasema. Tukifika karibu ya kitu, papa anaanza kucheka.

Ukachukua sahani yako, ukaenda. Tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Kesho unaondoka, na bado sijakuwekea mukono kichwani kama baba anavyomufanyia mutoto anayetoka. Unafikiri nimekunyima baraka. Sikukunyima, mwanangu. Ni kwamba mukono huu ulifanya kitu, na sikutaka uinamie mukono ambao huujui.

Tuanze na kazi yangu. Naamini hujawahi kuielewa, na kosa si lako. Kila ulipouliza, tangu ukiwa mudogo, nilikujibu: «Papa anafundisha mashini kusema kweli.» Ukaenda kuwaambia wenzako shuleni. Natamani sasa ningekuwa nimekupa jibu lingine.

Kazi ni hii. Vituo vya afya vinatuma habari: wangapi wameugua malaria, wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, dawa gani imebaki. Habari zote zinalala katika ghala kubwa ndani ya ordinatere. Upande wa pili kuna modeli za ripoti, yaani karatasi zenye kichwa, mistari na masanduku, ambazo wakubwa wanazisoma kwenye mukutano na kuamua. Modeli yenyewe haijui kitu. Ni sanduku tupu lililovaa kravati. Kati yake na ghala kuna mujumbe, anayekwenda kuuliza na kurudi na jibu. Ukibadilisha ghala, ni lazima ubadilishe na mujumbe, modeli kwa modeli, na uhakikishe kwamba huyu mupya analeta kilichosemwa, si kingine.

Unakumbuka habari za tonton Cikuru, yule aliyenisemea Nyantende, kwao maman yako, nilipokwenda kumuomba? Hukumuona, ila hadithi yake umeisikia. Alikuwa na ulimi mutamu kuliko watu wote wa ukoo wetu, na ugonjwa mumoja: hakuweza kuvumilia kimya. Alitumwa kwanza peke yake kuuliza kama wakwe wako tayari kutupokea. Wakwe wakamusikiliza, wakanyamaza, maana walitaka kushauriana. Tonton akaona aibu kurudi na mikono mitupu. Akatuambia: «Wamekubali, twendeni.» Tukapanda Nyantende na mitungi yetu ya pombe ya kasiksi, mashati yamepigwa pasi, tukamukuta koko yako wa kule, baba yake maman, yuko katikati ya maharage na kaptula ya shamba, akatuuliza tumepotea njia au vipi. Tunaicheka hadithi hiyo kila sikukuu. Mimi ndiye ninayeichekesha zaidi. Na baada ya kuicheka miaka yote hiyo, nikamuajiri tonton Cikuru mwingine kwa mikono yangu.

Wakati ule ghala letu lilikaa kwenye mashini ya zamani iliyokoroma kama muzee aliyeshiba. Tukaletewa mashini mupya, serveri. Ghala likahamishwa bila shida. Lakini modeli zote, ya malaria, ya uzazi, ya chanjo, ya dawa, zilijua njia ya zamani tu. Nikapewa kazi ya kuzihamishia kwenye njia mupya. Nilijisikia mukubwa, usiniulize. Nilivaa koti kwenda kukaa mbele ya mashini ambayo haina macho.

Mujumbe wa zamani, alipokwenda kuuliza habari ya kituo ambacho hakijatuma kitu, alirudi kimya, na sanduku kwenye karatasi lilibaki jeupe. Kila mutu alilielewa: hawa bado hatujawasikia. Yule mupya alikuwa na haraka na akili nyingi, lakini kimya kilimushinda. Akikuta hakuna kitu, alitapika maneno mekundu ya makosa katikati ya ukurasa, na ripoti nzima ikaharibika. Siku ya kuzindua ilikuwa imekaribia, wageni wamealikwa. Nikatafuta, nikatafuta, nikaona katika mipangilio kisanduku kidogo cha kubonyeza. Kilisema: pasipo na kitu, weka zero.

Nikabonyeza. Maneno mekundu yakaondoka yote kwa mara moja, na kurasa zikawa safi kama shuka za masista.

Nilijua, Nsimire. Usije ukanitetea kwamba papa hakujua. Mutu anayefanya kazi ile, hata akiwa mujinga kama mimi, anajua kwamba «hatujasikia» na «hakuna mugonjwa» ni maneno mawili yasiyokutana hata njiani. Nilijiambia nitarudi kulirekebisha baada ya sherehe. Sherehe ikapita, na bitumbura vyake na Fanta zake. Munganga mukuu akanisimamisha mbele ya watu, wakapiga makofi. Maman yako alikuwa amenifunga kravati. Baada ya makofi kama yale, ni vigumu sana mutu kwenda kufungua tena kitu na kusema kilikuwa hakijaisha.

Kisha mvua zikaja. Kule Shabunda, ng'ambo ya muto, kuna kituo kile unachokwenda. Maji yalibeba daraja. Betri ya fonie, redio yao ya kuitana, ilikuwa imekufa, kwa hiyo hawakuweza hata kupiga sauti. Mwezi ukaisha bila ripoti yao kufika. Kwenye karatasi yangu safi, mustari wa ng'ambo ya muto ukasoma zero, zero, zero, mpaka mwisho wa ukurasa.

Tulikuwa katika mukutano wa kugawanya dawa. Mwenzetu wa farmasi, mutu mupole ambaye hata akikanyagwa anaomba musamaha, akanyosha kidole.

— Samahani. Huu mustari wa ng'ambo ya muto. Malaria zero, iko sawa, Mungu amebasaidia. Lakini hata kuzaa zero? Mwezi muzima, hakuna hata mwanamuke moja alizaa?

Mutu mumoja aligeuza ukurasa, akaurudisha. Joto lilinipanda kutoka kwenye kola. Jibu lilikuwa sentensi moja tu: kituo hiki hakijatuma habari. Lakini nikiisema, wataniuliza zero imetoka wapi; nikijibu hilo, wataniuliza na hizi zero zingine je; na ile ripoti yote iliyopigiwa makofi itakuwa kravati isiyo na mutu ndani. Nikafanya kile ninachokijua.

— Banaume bote ya kule beko ndani ya mashimo ya zahabu, nikasema. Sasa banamuke batazaa na nani?

Chumba kizima kikacheka. Munganga mukuu alicheka mpaka akavua miwani na kujipangusa. Hata yule wa farmasi alicheka, akashusha kidole chake polepole, kama mutu anayerudisha kitu alichoambiwa si chake. Na dawa za mustari ule zikagawanywa kwa mistari mingine.

Nimechekesha watu wengi katika maisha yangu. Ni kitu pekee ambacho koko yako wa upande wangu aliniambia nimekirithi bila kosa. Sikumbuki vicheko vingine. Kile nakikumbuka, nani alianza, nani alifuata, nani aligonga meza.

Unajiuliza sasa kwa nini nakuambia wewe, kesho ukiwa na safari. Ngoja. Unamujua aliyekuja baadaye.

Wakati huo ulikuwa shule ya primaire, meno ya mbele yamekutoka, unapiga filimbi kwa pengo. Siku moja nilirudi kutoka kazini na mwanamuke murefu, mikono mikubwa, viatu vya mvua vimepasuka pembeni. Nikawaambieni ni mugeni wa kazi na hana fasi ya kulala. Ukamupa kitanda chako, wewe ukalala na sisi na kunipiga mateke. Alikuwa Maman Apolina, muuguzi mukuu wa kituo cha ng'ambo ya muto. Alivuka muto kwa pirogi, akatembea katika pori, akapanda ndege kati ya magunia, kuja kuuliza swali moja.

Aliliuliza ofisini kwetu, amesimama, hajakubali kiti.

— Nasikia balisema kwangu hakuna mugonjwa. Ni nani alisema?

Watu waliangaliana, kisha wote wakaniangalia mimi, kwa sababu karatasi ilitoka kwangu. Hakusema kwa hasira. Ungesema ni mutu anayeuliza njia. Nikamwambia:

— Ni ordinatere, maman. Ni mashini. Mashini zinakoseaka.

— Kumbe, akasema. Basi, papa, muitengeneze.

Akakaa. Akaomba maji. Aliniamini, Nsimire. Angenitukana ningejitetea, na labda katika kujitetea kweli ingetoka. Lakini alinishukuru kwa kumweleza.

Nilimuleta nyumbani kwa sababu sikuweza kumuacha barabarani, na pia kwa sababu nilifikiri sahani ya chakula inaweza kulipa kitu. Kuhusu sahani nilikosea. Siku zile alizokaa akingojea dawa, alikufundisha kushika mukono wa mutu na kuhesabu damu inavyopiga. Ulituhesabu sote. Ulimuhesabu jirani. Ulimufuata mbuzi wa jirani mpaka akakupiga pembe, na bado ukarudi na jibu. Tangu hapo hukutaka tena kuwa mwalimu wala mwimbaji. Ulitaka kuwa Maman Apolina.

Kuna chakula kimoja cha jioni ambacho wewe umekisahau. Kulikuwa na majani ya sombe na visamaki vya sambaza. Ukamuuliza, mudomo umejaa:

— Maman Apolina, kule kwenu kuko batoto ya kucheza nabo?

— Beko, mwana wangu. Beko bale benye balibakia.

— Bengine balienda wapi?

Akakuongezea sambaza kwenye sahani.

— Kula, inapoa.

Ukala. Maman yako aliinama, akapanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mimi nilisimama nikasema naenda kuangalia kama mulango wa inje umefungwa. Nilikaa huko muda. Mulango ulikuwa umefungwa tangu saa ya kurudi kwangu, niliufunga mimi mwenyewe.

Sikumuuliza wangapi. Mpaka leo sijui. Fikiria: mutu ambaye kazi yake ni hesabu, na hesabu hiyo moja sikuthubutu kuiomba.

Alipoondoka na makartoni yake ya dawa nilirudi ofisini, nikatoa alama kwenye kile kisanduku kidogo, nikaandika karibu yake maneno ya kifundi yasiyoeleweka na mutu yeyote, na nikamujengea mujumbe adabu: pasipo na habari, acha nafasi nyeupe. Ilinichukua muda mufupi kuliko kula ndizi moja. Sikumwambia munganga mukuu. Sikumwambia yule wa farmasi, ambaye alistaafu akiamini kwamba siku ile aliuliza swali la kijinga. Maman yako nilimwambia, miaka baadaye, na yeye akaniambia: «Mimi siye unayepaswa kumwambia.» Kisha akanitengenezea chai. Ndiye mutu niliyemuoa kwa uongo wa tonton Cikuru, na ananishinda kwa kila kitu.

Sasa unaelewa. Ulipopewa nafasi ya kuchagua mahali pa kazi ukachagua ng'ambo ya muto, nilihisi kama mutu aliyetupa jiwe gizani zamani, na leo mutoto wake anakwenda kuokota lilikoangukia. Niliposema barabara, niliposema pori, niliposema ndege kama kopo la sardini, sikudanganya. Hayo yote nayaogopa kweli, tena ile ndege kuliko yote. Lakini nilichoogopa zaidi ni wewe kukaa jioni moja kule, mutu akakuambia habari za mwezi ule wa mvua, akakuambia «huko Bukavu balisema tulikuwa bazima», na wewe ukachukua hasira pamoja nao dhidi ya mutu usiyemujua. Nimeona ni bora umujue. Anakula na wewe ugali, na ugali wenyewe, kama umeusonga wewe, una vidonge.

Ona, nimeanza tena. Umesema kweli juzi: nikifika karibu na kitu nacheka. Sitakuahidi kuacha, katika umri huu mutu haachi pua yake. Ila nimejifunza kujisikia ninapoanza. Kila mara mzaha unaponijia haraka sana, kabla mutu hajamaliza kuuliza, najua kuna mulango ninaotaka kuufunga. Nakuachia hilo kama urithi, kwa sababu kicheko changu unacho, usijidai. Nimekuona ukiwachekesha wagonjwa, na ni zawadi kubwa. Tazama tu kile kidole kilichonyoshwa. Ukikichekesha kikashuka, kirudie baadaye, mukiwa wawili tu, ukiulize kilitaka kusema nini.

Mwaka huu, usicheke, tunahamisha tena. Serveri imebadilika, mujumbe anabadilishwa, na modeli zote zinafunguliwa upya. Wamenipa Patient, yule kijana anayekuja hapa na kofia na anayemuita maman yako «chef». Ni mwerevu, anafanya kwa asubui moja kile nilichofanya kwa mwezi. Juma lililopita maneno mekundu yakatoka kwenye kurasa zake, kama zamani, rangi ileile. Akageuka akatabasamu.

— Papa, nimeshaona dawa. Option iko hapa. Unabonyeza tu, pahali hakuna kitu inaweka zero, ripoti inakuwa safi.

Nilimushika mukono. Nadhani nilimushika kwa nguvu, kwa sababu aliniangalia kama mutu aliyegusa pasi. Nikamwambia tuache nafasi nyeupe. Akasema wakubwa hawapendi ukurasa wenye matundu. Nikasema wazoee. Akauliza kwa nini, na hapo mzaha ukanijia, ulikuwa tayari kwenye ulimi, mzuri kweli. Nikaumeza. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, kuanzia sherehe mpaka sambaza. Ni mara ya kwanza nayasema kwa sauti katika jengo lile. Akavuta kiti, na tukaanza kupitia modeli zote, moja baada ya nyingine, kila mahali penye zero tukiuliza: huyu alihesabu, au hatukumusikia? Kurasa zetu sasa ni mbaya kutazama, zina matundu kama wavu wa sambaza. Na kila tundu Patient analipigia simu.

Kama nisingemwambia Patient, nisingeweza kukuandikia wewe. Ni yeye aliyenifungulia njia, na hajui.

Kesho kutwa utakuwa upande wa pili wa karatasi yangu. Mwisho wa mwezi utakuwa umechoka, mikono inanuka dawa, na watakuletea fomu yenye masanduku. Utaona aibu kwa yale matupu. Kuna usiku utataka kuandika kitu, chochote, ili ukurasa ufungwe. Zero ni neno zito, mwanangu. Liandike pale tu ulipokwenda mwenyewe, ukagonga, ukaangalia ndani, ukakuta kweli hakuna. Pengine kote acha peupe, na peupe pasikuaibishe. Na si kwenye fomu tu. Mimi nilikulea miaka yote nikisoma kimya chako kuwa ni amani. Ulipokuwa sekondari, kwenye humanités, na ukaacha kula na sisi muhula muzima, niliandika zero: hakuna shida, mutoto anasoma. Maman yako ndiye aliyegonga mulango. Sijui alikuta nini. Hamkuniambia, na sikuuliza. Leo nauliza. Si lazima unijibu.

Nina ombi moja, na unaweza kulikataa. Maman Apolina amestaafu lakini yuko palepale, na ameniambia kwa simu iliyokatikakatika kwamba utalala kwake: «Alinipatia kitanda yake, na mimi nitamupatia yangu.» Macho yake hayasomi tena vizuri. Ukiona wakati unafaa, umusomee barua hii. Si siku ya kwanza. Muache kwanza aone jinsi unavyokula. Usiruke kitu. Usipunguze pale niliposema ni mashini. Akinyamaza, usimujazie kimya chake, na usiniletee jibu ambalo hakulitoa. Akisema hataki tena kusikia jina langu, niletee hilohilo. Na kama atataja idadi, iandike. Nataka kuijua sasa.

Nitasukuma karatasi hizi chini ya mulango wako kabla ya kulala, ili usome ukiwa bado chini ya bati langu na uweze kunikasirikia uso kwa uso. Asubui nitakuwa mulangoni na koti, maana unanijua. Ukiinamisha kichwa, nitaweka mukono, na nitasema yale ambayo baba yangu aliniambia mimi, na nitajaribu kufika mwisho bila kuchekesha mutu. Usipoinamisha, nitaelewa; nitabeba sanduku lako mpaka kwenye gari, na zipu ikikatika nitalifunga kwa mushipi wangu, nirudi nyumbani nikishikilia suruali.

Nenda, Nsimire. Huko kuna watoto waliobakia. Sasa wamekuwa watu wazima, wengine wanazaa, na watakuletea watoto wao uwahesabu damu. Wahesabu wote.

Mimi niko huku kwenye karatasi zangu zenye matundu. Kila mwezi nitautafuta mustari wa ng'ambo ya muto kabla ya mistari mingine. Na mwezi ambao utafika kwangu mweupe, sitaandika kitu ndani yake, wala sitamuuliza mutu ofisini anafikiri nini. Nitavaa viatu vya mvua, nitapanda kopo lile la sardini na tumbo langu lote, na nitakuja kugonga.

Papa yako